Nunua gari kuukuu kwa ukaguzi, si kwa rangi

Wafanyabiashara wa mahindi, maharage na samaki mkoani Rukwa wanaotaka kununua magari yaliyokwisha kutumika wanashauriwa kutofunga mazungumzo ya bei kabla gari halijawashwa likiwa baridi, halijapandishwa mlima, na kabla fundi asiyelipwa na muuzaji hajaingia chini yake. Ubovu unaogunduliwa kabla ya malipo hupunguza bei. Unaogunduliwa baada ya malipo hula mtaji.

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mashariki ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa, na magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika. Mpunga wa bondeni na samaki wa Kirando na Kasanga hufika sokoni kwa kupanda milima hiyo. Ndiyo sababu pikapu za Land Cruiser na Hilux, pamoja na Land Rover, zimekuwa chombo cha kazi, na ndiyo sababu nyingi zinazouzwa zimekwisha kubebeshwa kuliko uwezo wake.

Barabara kuu ya kutoka Tunduma sasa ni ya lami, na wauzaji wengi hupenda gari lijaribiwe hapo. Lami huficha ubovu. Gari linaloteleza vizuri kuelekea Laela linaweza kushindwa kilomita tano tu ndani ya njia ya kijijini.

HESABU YA BEI RAHISI

Chukulia mfano wa kukadiria. Gari la kwanza linauzwa shilingi milioni 28 na ni zima. La pili linauzwa milioni 24, lakini linahitaji silinda hedi na klachi kwa milioni 5, na litalala gereji siku 21 katikati ya msimu wa mavuno. Ikiwa gari huingiza faida ya shilingi 80,000 kwa siku, siku hizo zimepoteza shilingi 1,680,000. Gari la "bei rahisi" limefika shilingi 30,680,000, yaani limelizidi lile zima kwa shilingi 2,680,000. Aidha, mwenye mkopo huendelea kulipa riba wakati gari limesimama.

ASUBUHI YA BARIDI

Baridi ya Sumbawanga, hasa Juni na Julai, ni msaada wa bure kwa mnunuzi. Muuzaji aarifiwe mapema kwamba gari lisiwashwe hadi mnunuzi afike. Mkono uwekwe juu ya injini. Ikiwa ina joto, limekwisha kuwashwa na kuna sababu.

Injini ya dizeli iliyochoka huwaka kwa shida wakati wa baridi, ama kwa sababu plagi za kupasha joto zimekufa, ama kwa sababu pistoni na ringi zimelika na mgandamizo umepungua. Plagi ni gharama ndogo; ringi ni kufungua injini nzima.

Moshi nao husomwa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda, au dizeli isiyoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka au pampu haikupimwa vizuri. Hata hivyo, mnunuzi asiwe mwepesi wa kuhukumu moshi mweusi kidogo. Katika mwinuko wa Ufipa hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu na kutoa moshi zaidi hata ikiwa nzima.

Injini ikiwa inaunguruma, mfuniko wa oili ufunguliwe. Ikiwa hewa inatoka kwa nguvu kama mtu anayehema, ringi zimekwisha.

MLIMA NA MAJI

Ugonjwa unaoua magari mengi ya mlimani ni kuchemsha. Mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa bado baridi, kamwe si ikiwa moto. Maji yenye utando wa oili, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, ni dalili ya gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka. Mapovu yanayopanda mfululizo injini ikiwaka yana maana hiyo hiyo.

Mfuniko wenyewe ukaguliwe. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na kinachoyazuia yasichemke mapema ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko huo. Mpira wake ukichoka, rejeta nzima inakuwa kazi bure.

Kisha gari lipandishwe mlima. Kwa walioko Sumbawanga, njia ya Ntendo kwenda Muze inatosha: wakati wa kushuka breki zinajulikana, wakati wa kupanda mshale wa joto unajulikana. Klachi iliyokwisha hujitaja hapo, kwani injini hunguruma zaidi bila gari kuongeza mwendo.

CHINI YA GARI

Fundi aangalie chasisi kwa tochi, hasa pale springi zinaposhikwa. Mizigo mizito kwenye mashimo huipasua hapo, na kulehemu hufichwa kwa rangi mpya au lami. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ni swali, si sifa. Gari lililobeba samaki wa chumvi lichunguzwe kutu kwenye sakafu ya bodi na kwenye mabomba ya breki.

Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki na kutikiswa kwa kushika juu na chini. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Kwenye Land Cruiser zenye ekseli nzima ya mbele, grisi iliyochanganyika na oili ikivuja nyuma ya gurudumu ina maana kwamba sili ya ndani imekufa. Krosi za propela shafti nazo zishikwe na kuzungushwa; mlio wa "ko" wakati wa kuondoa gari huanzia hapo.

MAGURUDUMU YOTE MANNE

Wapo wanaolipia gari la kuvuta kwa magurudumu manne na kupata la mawili. Baadhi ya wamiliki huondoa propela shafti ya mbele ili kukwepa gharama ya krosi na difu, na wengine huacha habu za mbele zigande bila kufungika. Jaribio lifanyike kwenye tope au kokoto, si kwenye lami kavu ambako mfumo hujikaza na kuumia. Gia nzito ya mlima nayo iingizwe, na isiruke mzigo unapovutwa.

Kilomita za kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Pedali zilizolika na usukani uliong'aa husema ukweli zaidi.

KADI KABLA YA FEDHA

Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na kadi halisi ya gari, si kivuli chake. Kadi halisi isipoonekana, huenda imeshikwa kama dhamana ya mkopo. Faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba hiyo ziulizwe. Gari lililokuwa la mradi wa wafadhili, lenye namba za DFP, huenda liliingizwa kwa msamaha wa kodi. Uthibitisho wa TRA uonekane kwanza. Malipo na uhamisho wa umiliki vifanyike siku moja kila inapowezekana.

Baada ya ukaguzi, mnunuzi aandike ubovu wote, aulize bei za vipuri dukani na za ufundi gereji, kisha jumla yake aitoe kwenye bei ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu atajadili orodha hiyo. Anayekataa gari lisikaguliwe, au anayedai kuna mteja mwingine anayekuja na fedha mchana huu huu, aachiwe mteja huyo.