Sigara Isiyo na Jani

Julai 2018, kifaa chembamba kinachofanana na flashi ya kompyuta kiliingia madukani Uingereza kikitokea Marekani. Kiliitwa Juul. Kwa macho kilikuwa kilekile kilichokwisha kuzagaa katika shule za Wamarekani, ila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimepunguzwa makali. Kimiminika cha Marekani kilibeba karibu miligramu 59 za nikotini kwa kila mililita. Cha Uingereza hakikuruhusiwa kuvuka miligramu 20, kwa kuwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2016 ziliweka ukomo huo, tena zikataka tangi la kimiminika lisizidi mililita 2.

Sigara ya kielektroniki, au veipu kama vijana wanavyoiita, ni betri, waya unaopata joto na kimiminika chenye nikotini na ladha. Hakuna jani linaloungua, wala majivu. Mtu huvuta mvuke. Juul iliwashinda wenzake kwa kutumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo. Mtoto ambaye angekohoa na kutupa sigara yake ya kwanza aliweza kuvuta nikotini nyingi bila kusumbuka. Kufikia 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu Marekani walisema wametumia veipu ndani ya siku 30 zilizopita. Ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne.

Mzazi akisikia hayo atasema zipigwe marufuku, yaishe. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini kuna mtu mwingine ambaye sheria hiyo itamgusa: mtu aliyevuta sigara kwa miaka thelathini, akajaribu kuacha mara tano akashindwa. Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni kifaa hiki mwaka 2003, alikuwa mvutaji wa namna hiyo. Sigara ya kawaida huweza kuua hadi nusu ya wasioiacha, na madhara yake mengi hutokana na moshi.

Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wavutaji 886. Waliopewa veipu, asilimia 18 walikuwa hawavuti tena sigara baada ya mwaka mmoja. Waliopewa dawa nyingine zenye nikotini, kama plasta na ubani wa kutafuna, walioacha walikuwa asilimia 9.9. Hata hivyo, miongoni mwa walioacha kwa msaada wa veipu, wanane kati ya kumi walikuwa bado wanavuta mvuke. Jaribio hilo moja limewapa hoja watu wa pande zote mbili. Serikali ya Uingereza iliangalia sehemu ya kwanza, na mwaka 2023 ikatangaza mpango wa kuwapa veipu wavutaji milioni moja ili waachane na sigara.

Wakati huohuo, bidhaa nyingine ilikuwa imeshateka vichochoro: veipu za kutumia na kutupa, za rangi kama peremende, zenye ladha ya tikitimaji na embe, zinazonunulika kwa fedha ya mfukoni ya mwanafunzi. Mwaka 2021, kati ya watoto waliokuwa wakivuta mvuke, waliozipendelea hizo walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Miaka miwili baadaye walifika asilimia 69. Takataka nazo zikarundikana. Mwaka 2023 ilikadiriwa kwamba karibu veipu milioni 5 zilikuwa zikitupwa Uingereza kila wiki, kila moja ikiwa na betri ya lithiamu inayoweza kuwasha moto ndani ya gari la taka.

Kuanzia Juni 1, 2025, kuuza veipu za kutupa kulikatazwa nchini humo. Watengenezaji walikuwa tayari. Walileta vifaa vinavyofanana kabisa na vile vya zamani, safari hii vikiwa na tundu la chaji na kichupa cha kubadilisha. Sheria iliyolenga umbo la kifaa iliachwa nyuma na umbo jipya. Vilivyopaswa kulengwa ni ladha, rangi na bei, maana hivyo ndivyo vinavyomvuta mtoto.

Katika mabishano haya husemwa mara nyingi kwamba veipu ziliua watu Marekani. Ni kweli kwamba kufikia Februari 2020 watu 68 walikuwa wamefariki kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na uvutaji huo, kati ya wagonjwa 2,807. Kinachosahaulika ni kwamba mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vichupa vyenye kiini cha bangi, vingi vikiwa vya mitaani. Kijana aliyetishwa kwa habari nusu hatasikiliza akiambiwa habari kamili ya uraibu wa nikotini, na uraibu huo ni wa kweli.

Huku kwetu, Uganda ilichukua njia fupi: sheria yake ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Kenya iko mahali pagumu zaidi. Sheria yake ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007, ilipotungwa akili ikiwa kwenye sigara yenye jani, na bidhaa yenye nikotini bila jani hupenya katikati ya maneno yake. Ndivyo ilivyotokea kwa vifuko vya nikotini, ndugu wa veipu, ambavyo mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema vilisajiliwa kinyume cha sheria. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka katika Seneti muswada uliokusudia kuziingiza bidhaa hizi zote chini ya udhibiti.

Suala la ladha ndilo litakalozua ubishi mkubwa. Wavutaji watu wazima husema ladha ya tunda ndiyo iliyowasahaulisha sigara, na hawadanganyi. Uholanzi iliyapima hayo na kuamua kwamba kuanzia Januari 2024 ladha moja tu ibaki madukani: ya tumbaku. Mvutaji anayetaka kuacha bado anapata kifaa chake. Tikitimaji na embe vimeondolewa rafuni.