Tangawizi Haichanji Mtoto

Chanjo za watoto wachanga na chanjo ya UVIKO-19 ni vitu viwili tofauti, ingawa wazazi wengi wamevichanganya tangu janga la UVIKO-19. Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini Tanzania Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani, na walengwa wake walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Mtoto wa miezi tisa anayepelekwa kliniki Hedaru, Makanya au Gonja, wilayani Same, hakuwamo. Yeye huchomwa chanjo ya surua na rubella, iliyo katika ratiba ya Tanzania tangu 2014. Huja ikiwa unga mkavu kichupani, muuguzi huuchanganya na kimiminika chake, na mzazi ana haki ya kusoma jina la chanjo kabla mtoto hajachomwa.

Mkanganyiko huo ukiondolewa, hubaki swali ambalo limeulizwa mara nyingi kupita kiasi: mtoto akifukizwa na kunyweshwa tangawizi, sindano ya nini? Mwaka 2020 nyungu, malimau na tangawizi vilitawala nyumba nyingi nchini. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka chanjo za kigeni na kuhimiza kujifukiza. Wilayani Same, ambako tangawizi ya Mamba Myamba ni zao la kutegemewa, ni rahisi mzazi kuamini kwamba kinga ya mwanawe iko shambani kwake.

Haiko huko. Kirusi cha surua huingia kwa njia ya hewa, hushika chembe za kinga zilizo kwenye njia ya pumzi, kisha husambaa hadi kwenye matezi na damu. Vipele hutokea takribani wiki mbili baada ya kuambukizwa, wakati kirusi kimekwisha kuenea mwilini. Mvuke haufiki huko. Ule wenye joto la kukiua ungeunguza kwanza koo la mtoto. Ule anaoweza kuuvumilia haukiui. Tangawizi nayo hutuliza kichefuchefu, lakini haina chochote cha kuufundisha mwili kukitambua kirusi cha surua. Chanjo hufanya kazi hiyo hasa: huuonyesha mwili kirusi kilichodhoofishwa, nao huweka kumbukumbu ya miaka mingi. Kuongeza tangawizi kikombeni hakubadilishi jambo hilo hata kidogo.

Dawa hiyo ya nyumbani ina madhara pia. Mtoto wa mwaka mmoja aliyefunikwa blanketi pamoja na sufuria iliyotoka jikoni hatulii. Hurusha miguu, sufuria hupinduka, na maji ya moto humwagikia tumbo na mapaja. Anayetia asali kwenye tangawizi ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja huongeza hatari nyingine, kwa sababu asali huweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hata ya kupumulia.

Hasara kubwa zaidi ni kinga inayokosekana. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na kirusi huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ili kuzuia mlipuko, watoto wapatao 95 katika kila 100 wanapaswa kupata dozi zote mbili. Surua huleta nimonia na upofu, na hufuta kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine. Kumnyima mtoto chanjo kwa ajili ya mvuke ni kosa lisilo na utetezi.

Yanayotakiwa ni machache. Chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na miezi 18, bila malipo katika vituo vya serikali. Vijiji vya mlimani vilivyo mbali hufikiwa kwa huduma ya mkoba. Aliyechelewa huendelea alipoishia, haanzi upya. Kadi ikipotea, rejesta ya kituo iangaliwe. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Homa ndogo siku ya 7 hadi 12 baada ya sindano ni kawaida. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto. Homa yenye vipele, kikohozi na macho mekundu ni ya kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo, apate vitamini A na uangalizi.

Mzazi ambaye tarehe ya mtoto wake imepita ampeleke kliniki wiki hii.