Mwalimu wa Michezo Akistaafu, Vikombe Vitabaki?

Mwisho wa muhula huu Mwalimu wetu wa Michezo anastaafu. Wanafunzi wengi wanasema kwamba akiondoka yeye, vikombe navyo vitaondoka, na baadhi ya wazazi wameniuliza jambo hilo hilo. Mimi nikiwa kiranja wa michezo, nimeona inafaa kueleza habari za shule moja ya jirani zetu wa Kenya, ili tupime kama hofu hiyo ina msingi.

Shule hiyo ni St. Patrick's ya Iten, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, mwinuko wa kama mita 2,400. Watu wakiitaja humtaja mara moja Bruda Colm O'Connell, Mwairlandi aliyefika huko mwaka 1976 kufundisha jiografia. Sifa zake ni za haki. Peter Rono, aliyepata medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alisoma hapo. Vile vile Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji kule Barcelona mwaka 1992, na Wilson Kipketer, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997.

Lakini tazameni miaka vizuri. Mike Boit, naye mwanafunzi wa shule hiyo, alipata medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, yaani miaka minne kabla Bruda hajafika. Tena Bruda alipofika alimkuta mwalimu mwingine, Peter Foster, akifundisha riadha. Yeye mwenyewe hakuwa na mafunzo ya kazi hiyo; alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia.

Basi ni nini kilichoiinua shule ile? Kwanza, ni nchi yenyewe, yenye hewa nyepesi na watu waliozoea mbio. Jambo hilo sisi wa Kongwa hatuwezi kuliiga. Pili, ni mfano wa waliotangulia. Katika uwanja wa shule imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa waliosoma hapo. Mtoto anayepita chini ya mti huo kila siku huona kwamba bingwa alikuwa mwanafunzi kama yeye, akila chakula kile kile. Tatu, maarifa hayakufungiwa kabatini. Tangu mwaka 1989 Bruda alianzisha kambi za likizo kwa vijana, wavulana na wasichana, hata wa shule nyingine. David Rudisha hakuwa mwanafunzi wa St. Patrick's, lakini alifundishwa na Bruda, na mwaka 2012 alikimbia mita 800 mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Siku hizi Iten ina makocha wengi, na baadhi yao ni wakimbiaji wa zamani.

Kwa hiyo mwalimu hodari ni yule anayeacha watu wanaojua kazi. Wetu bado yupo nasi kwa majuma machache, na tusiyapoteze kwa kulia. Napendekeza mambo matatu. Tumwombe atusomee mazoezi yake yote, nasi tuyaandike katika daftari moja la shule. Kila mchezaji wa Kidato cha Nne, wa mpira wa miguu na wa netiboli, achukue wawili wa Kidato cha Kwanza awafundishe. Na kila timu itakayotuwakilisha UMISSETA ipande mwarobaini mmoja kando ya uwanja, wachezaji wakipokezana kuumwagilia wakati wa kiangazi.

Wazazi, tunawaomba mturuhusu kubaki siku chache za likizo kwa mazoezi. Mwalimu mgeni atakapofika, atukute tumekwisha kuanza.