Ile Namba Mlangoni: Nani Anaikagua Pilau Yetu?

Tembea Cardiff leo, kila mgahawa na kila duka la chipsi lina stika ya kijani na nyeusi mlangoni, yenye namba kati ya 0 na 5. Vuka uingie England, stika utaikuta hapa, pale huioni. Ukaguzi ni uleule na namba ni zilezile, ila sheria ndo tofauti. Wales ilifanya kubandika kuwa lazima tangu Novemba 2013, Ireland ya Kaskazini ikafuata Oktoba 2016. England bado ni hiari ya mwenye biashara. Sasa jamani, nani aliyepata 1 kwenye mtihani ataibandika mlangoni kwa hiari?

Nimeamua kuandika hili kwa sababu ya meseji mlizotutumia baada ya kipindi cha chakula. Mmoja wenu alitafuta mgahawa mmoja wa kwetu, siutaji jina, ambao nusu yetu tumefanyia shughuli zetu pale, akakuta una 1. Akaituma kwenye grupu la WhatsApp. Basi moto ukawaka! Wengine wakashtuka, wengine wakasema, "Mnaharibia wenzenu riziki." Nawaelewa wote wawili, lakini kwanza tuelewe namba yenyewe.

Mkaguzi anatoka halmashauri ya eneo, na kwa kawaida haji kwa miadi. Anaangalia mambo matatu: chakula kinavyoshikwa, kupikwa, kupozwa na kuhifadhiwa, hali ya jengo lenyewe, yaani maji, mwanga, panya na mende, na la tatu, kama wenye jiko wanaweza kumthibitishia kwamba usafi huo utaendelea hata akiondoka. Ladha haimo. Kila jambo lina pointi zake, na hapa pointi nyingi ni mbaya. Utaratibu huu wa Food Standards Agency ulianza 2010, na matokeo yote yapo wazi kwenye intaneti.

Hilo jambo la tatu ndo linalowaumiza watu wetu. Jiko linaweza kuwa safi kabisa, lakini kama hakuna daftari la joto la friji, hakuna kumbukumbu za mafunzo wala utaratibu ulioandikwa, mkaguzi anaweza kutoa pointi 20 kwenye kipengele hicho peke yake. Ukishapata 20 sehemu moja, namba yako haiwezi kuvuka 1, hata kama kwingine kote umefanya vizuri. Kwa hiyo 1 inaweza kumaanisha mende, na inaweza kumaanisha makaratasi. Stika haikwambii ni ipi.

Msione makaratasi ni jambo dogo, lakini. Mwaka 2005 kusini mwa Wales, watu 157, wengi wao watoto wa shule, waliugua E. coli O157 kutokana na nyama iliyopikwa na kusambazwa mashuleni na muuza nyama mmoja. Mashine ileile ya kufungashia ilitumika kwa nyama mbichi na iliyoiva. Mtoto wa miaka 5 alifariki. Uchunguzi wa Profesa Hugh Pennington, uliotoka 2009, ulionyesha kwamba wakaguzi walikuwa wamefika kwenye biashara hiyo na hatari yenyewe haikuzuiwa. Miaka minne baadaye Wales ikapitisha sheria yake ya stika.

Na sisi tuna hatari yetu wenyewe: wali. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Pilau ikikaa masaa kwenye sufuria kubwa bila moto, wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiipasha tena. Ushauri hapa Uingereza ni kuupoza wali haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja, kisha friji. Ukitaka kuuweka wa moto, uwe nyuzi 63 au zaidi. Hebu fikiria harusi zetu: chakula kimepikwa alfajiri, bwana harusi anafika saa kumi jioni.

Mama mdogo wangu anapika nyumbani na kuuza: sambusa, biriani, visheti vya Idi. Nilipomwambia kwamba hata jiko la nyumbani linatakiwa kusajiliwa halmashauri, siku 28 kabla ya kuanza, na ni bure, alinitazama kama nimemtukana.

"Mwanangu, nimepikia harusi za watu mia tatu kabla hujazaliwa. Nani aliumwa tumbo? Leo mtu aje kunipekua jikoni kwangu?"

"Hajaja kuonja, mama mdogo. Anataka kujua wali unaupoza vipi."

"Nautandaza kwenye masinia. Kila mtu anajua."

"Basi tuliandike hilo."

Tukaliandika. Nilimsomea fomu kwa Kiswahili, yeye akanieleza anavyofanya, nami nikaandika kwa Kiingereza. Karibu yote yaliyotakiwa alikuwa akiyafanya tangu ujana wake, ila hayakuwa na karatasi. Alipata 5. Stika ameibandika kwenye friji, na wageni wote lazima waione.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema tunyamaze. Riziki ya mwenzetu ina thamani, na tumbo la mtoto wa mteja wake lina thamani vilevile. Ukikuta namba ndogo, angalia kwanza tarehe ya ukaguzi, maana inaweza kuwa ya zamani. Kisha omba ripoti kamili kutoka halmashauri. Kwa sheria ya uhuru wa habari wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 20 za kazi, na pale utajua kama ni mende au ni daftari.

Na kama mwenye mgahawa ni mtu wako, usimpeleke kwenye grupu. Mpigie. Ana siku 21 za kukata rufaa, ana haki ya kuweka maelezo yake pembeni ya matokeo, na akisharekebisha anaweza kuomba akaguliwe upya, ingawa halmashauri nyingi za England hutoza ada. Sisi tuliosoma hapa tunajaza fomu za watu kazini kila siku. Jumamosi moja ya kumsaidia mzee kuandaa daftari la jikoni haitatushinda.

Tafuteni namba ya mgahawa mnaoupenda, halafu mtuambie mlichokikuta. Jina la mgahawa bakini nalo.