Springi Iliyotibiwa kwa Kulegezwa

Mwitaliano Giovanni Michelotti ndiye aliyechora Triumph Spitfire, gari dogo la michezo la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1962, na uzuri wake haujachuja. Hatari ilijificha nyuma. Ekseli iliyorithiwa kutoka Triumph Herald ya 1959 ilikuwa na shafti mbili, kila moja ikiwa na krosi moja tu, pale inapoungana na difu. Upande wa tairi hakukuwa na kiungo cha kukunjika, kwa hiyo kila tairi lilipopanda au kushuka, lililala pia.

Barabara ikinyooka, hilo halikuwa na neno. Taabu ilikuwa kwenye kona kali, dereva aliyeingia na kasi anapoingiwa na hofu akaachia mafuta ghafla. Uzito ulihamia mbele, nyuma ikanyanyuka, na msukumo wa lami kwenye tairi la nje ukazidi kuiinua bodi, kama mtu anayesimama kwa ncha za vidole. Tairi hilo lilijikunja chini ya gari, likabaki kushika lami kwa ukingo wake wa nje. Mkia ukachomoka.

Triumph GT6 ya 1966, ndugu wa Spitfire mwenye silinda 6 na lita 2, ilikuwa na ekseli ileile na nguvu zaidi, na waandishi wa magari hawakuinyamazia. Mwaka 1968 Triumph iliipa mikono ya chini na viungo vya mpira vya Rotoflex. Tairi likatulia, ila mpira huchanika kwa umri.

Jibu ninalolistaajabia zaidi lilikuja na Spitfire Mk IV, mwishoni mwa 1970. Awali springi ya mabamba, iliyolala kwa upana juu ya difu, ilikazwa yote kwa bolti. Sasa bamba la chini tu ndilo lililokazwa. Mengine yakaachwa yabembee. Tuta likiinua matairi yote mawili kwa pamoja, mabamba yote hubeba. Gari likiinama kwenye kona, yaliyo huru hubembea tu, na nguvu ya kuinua nyuma hupungua. Kazi ya kuzuia kuinama huhamia mbele, kwenye stebilaiza iliyonenepeshwa. Mwaka 1973 hata GT6 iliacha Rotoflex ikafuata njia hiyo, na Spitfire ilibaki nayo mpaka uzalishaji ulipokoma 1980.

Leo wamiliki wengi huihamishia springi hii kwenye Spitfire za zamani. Wanaosahau stebilaiza nene hupata gari linaloinama kupita kiasi. Wengine hushusha mkia kwa vipande vya chuma, ili tairi lianze likiwa limeegemea ndani kwa juu. Husaidia, lakini hupunguza nafasi ya springi kucheza, na kwenye barabara mbovu ningechagua springi inayobembea.