Roketi Katika Madarasa ya Kitui na Makueni

Roketi ni chombo kinachojisukuma kwa kutupa nyuma sehemu ya uzito wake. Haihitaji hewa ya kuegemea wala barabara ya kukanyaga, na ndiyo maana inaweza kufanya kazi mahali pasipo na hewa kabisa. Masomo yote ya roketi yanayopelekwa shuleni hujengwa juu ya maelezo hayo mafupi. Katika kaunti za Kitui na Makueni, masomo hayo yana wasikilizaji wenye sababu zao za kuuliza maswali.

Tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete kubwa ya metali ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Kipenyo chake kilikuwa mita 2.5 hivi, na uzito wake takriban kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) liliichukua kwa uchunguzi na kueleza kwamba kwa tathmini ya awali ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Roketi kubwa huundwa kwa vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na injini yake na matangi yake. Kipande cha chini kikimaliza fueli huachiliwa, kwa kuwa kubeba tangi tupu ni hasara tupu. Pete hukaa kwenye maungio, na kazi yake ikiisha nayo huachwa. Mabaki ya namna hii kwa kawaida huungua yakirudi katika hewa ya dunia, au huelekezwa baharini. Pete ya Mukuku haikuungua.

Tukio hilo linastahili kuwa somo katika kila shule ya eneo hilo, kuanzia jambo la usalama. Mabaki ya roketi na setilaiti hayaguswi. Baadhi ya matangi hubaki na hidrazini, fueli yenye sumu kali, na mengine huwa bado yamejaa gesi iliyogandamizwa. Mwanafunzi anayejua hivyo atawaondoa wadogo zake mahali hapo na kumwarifu chifu au polisi. Lipo na swali la sheria: Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unailazimisha nchi iliyorusha chombo kulipia hasara ambayo chombo hicho kimesababisha kikianguka ardhini, hata kama haikufanya uzembe wowote.

KSA iliundwa mwaka 2017, chini ya Wizara ya Ulinzi, ikachukua nafasi ya Sekretarieti ya Kitaifa ya Anga za Juu. Pamoja na kusimamia na kuratibu shughuli za anga nchini, kazi yake ni kukuza elimu ya anga miongoni mwa Wakenya. Haiko peke yake. Travelling Telescope, iliyoasisiwa na Susan Murabana na mumewe, imezunguka nchi ikiwaonyesha wanafunzi Mwezi na sayari kwa darubini. Kenya nayo ina mifano yake ya kufundishia. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Mei 2018. Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Mtoto wa Mutomo au Kibwezi hana haja ya kuanza na historia ya Marekani na Urusi ndipo afike kwenye roketi.

Programu ya masomo ya roketi ikiwafikia wanafunzi peke yao, faida yake huwa fupi. Wageni hufika asubuhi, hurusha roketi, hupigwa makofi, na jioni wameondoka. Kitui ni kaunti pana, na kutoka Mwingi hadi Mutomo ni safari ndefu. Hakuna shirika litakaloweza kurudi kila muhula katika kila shule. Mwalimu ndiye anayebaki. Akijua kuiunda roketi kwa mikono yake, na kueleza kwa nini imeruka au imekataa kuruka, darasa la mwaka huu na la mwaka ujao yote yatafaidika. Kwa hiyo siku ya mafunzo ya walimu, ambamo mwalimu mwenyewe anakata, anagundisha, anakosea na kurekebisha, ina thamani zaidi kuliko maonyesho kumi ya uwanjani. Mtaala unaiachia nafasi: Sayansi Jumuishi ya sekondari msingi ina mada ya kani na nishati, na Fizikia ya Kidato cha Tatu imekuwa ikifundisha kanuni za Newton ambazo wengi huzikariri bila kuziona zikitenda kazi.

Chombo kinachofaa zaidi kwa shule ni roketi ya maji. Inahitaji chupa ya plastiki ya soda ya lita 2, kizibo cha mpira kilichopenyezwa vali ya tyubu ya baiskeli, pampu, na kijiti cha kuishikilia chupa ikiwa imeelekeza mdomo chini. Chupa hutiwa maji, huzibwa, kisha hewa husukumwa ndani. Hewa ikibanwa hutafuta njia. Kizibo kinapoachia, hewa huyafyatua maji kwenda chini, na maji nayo huisukuma chupa kwenda juu. Kila kani huzaa kani nyingine iliyo sawa nayo, ya upande wa pili: hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, ikiwa imelowesha viatu vya walio karibu.

Jaribio lenye mafunzo mengi zaidi ni la kiasi cha maji. Chupa isipotiwa maji, hewa hutoka kwa mlio na chupa huruka kidogo tu, kwa sababu hewa ni nyepesi na haina uzito wa kutosha wa kutupwa nyuma. Ikijazwa karibu yote, hakuna nafasi ya hewa ya kubanwa na mzigo ni mzito. Wanafunzi wakijaribu robo, theluthi, nusu na robo tatu, kwa idadi ileile ya mipigo ya pampu, hugundua wenyewe kwamba theluthi hivi ndiyo hufanya vizuri. Theluthi ya lita 2 ni kama mililita 667. Jerikeni moja ya lita 20 inatosha kurusha mara 30. Katika shule ambako maji hutoka mbali, hesabu hiyo si ndogo, na inafaa ifanywe kabla ya somo.

Kisha huja suala la kunyooka. Chupa tupu hupinduka hewani. Ili isipinduke, sehemu ya mbele iwe nzito na mapezi yawe nyuma kabisa. Kidonge cha udongo wa mfinyanzi kikibandikwa kwenye ncha, na mapezi matatu ya boksi gumu yakigundishwa karibu na mdomo wa chupa, roketi huanza kutii. Kuna kipimo kisichohitaji kurusha chochote: roketi ikiwa haina maji, hufungwa uzi pale inapokaa sawa bila kuinama, kisha mwanafunzi huizungusha kichwani. Ikitangulia kwa ncha, iko tayari. Ikienda kwa ubavu au kwa mkia, iongezwe udongo mbele au mapezi makubwa zaidi. Wahandisi wa roketi kubwa hulikabili tatizo hilohilo: kwa roketi isiyo na mfumo wa kuiongoza, kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya mahali ambapo nguvu ya upepo hukusanyikia.

Urefu ambao roketi imefika haukisiwi, hupimwa. Protrakta ya seti ya hisabati hufungwa uzi wenye kijiwe katikati ya ukingo wake ulionyooka. Mwanafunzi husimama mita 40 kutoka mahali pa kurushia, huielekeza roketi kwa ukingo huo inapofika kileleni, na mwenzake husoma uzi umekatia wapi. Uzi ukiwa kwenye nyuzi 55, roketi iko nyuzi 35 juu ya upeo wa macho. Tanjenti ya 35 ni 0.70, ikizidishwa kwa 40 hupatikana mita 28, kisha huongezwa urefu wa macho ya mpimaji kutoka chini. Trigonometria iliyokuwa ubaoni tu hupata kazi.

Tahadhari ni chache, nazo hazina mjadala. Chupa iwe ya soda, kwa kuwa imetengenezwa kuhimili gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba mno. Ikiwa na mkwaruzo au mkunjo, itupwe. Mgandamizo usizidi psi 60. Hakuna anayeinama juu ya roketi iliyojazwa hewa hata kama imegoma, na kizibo kinachofungwa kwa pini huachiliwa kwa kamba ndefu.

Kutoka chupa hadi setilaiti ni mbali. Roketi ya maji hupanda makumi ya mita. Mpaka wa anga za juu huhesabiwa kuanzia kilomita 100. Lakini kimo ndicho kisichosumbua sana. Kinachosumbua ni kasi. Ili chombo kisianguke tena, lazima kiizunguke dunia kwa mwendo wa takriban kilomita 28,000 kwa saa. Hapo ndipo jiografia ya Kenya inapoingia. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi yenyewe huenda kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta huanza safari ikiwa na kasi hiyo bure, na Bahari ya Hindi iko mbele kupokea vipande vinavyoachwa.

Waitalia waliliona hilo mapema. Jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, lilirusha setilaiti 9 kati ya mwaka 1967 na 1988. Iliyovuma zaidi iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kujitolea kabisa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na orodha yake ilitaja vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mzigo ambao roketi hubeba unagusa maisha ya Ukambani, eneo la Kitui na Makueni, moja kwa moja. Majani mabichi huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho; yakinyauka, mwakisiko hupungua. Setilaiti huupima, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutumia vipimo hivyo katika taarifa zake za kila mwezi kuhusu kaunti kame, Kitui na Makueni zikiwemo. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo wakulima wa mbaazi na pojo huzitegemea kuliko za masika, hufuatiliwa kwa picha za mawingu kutoka angani.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuendelea baada ya sekondari, njia zipo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui kwenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishaunda setilaiti. Katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, wanafunzi wa mradi wa Nakuja wamekuwa wakibuni na kurusha roketi za majaribio zenye fueli yabisi, vifaa vya elektroniki vya kurekodi safari, na parachuti ya kuirudisha roketi chini ikiwa nzima.