Picha ya Jamaa Siku ya Noeli: Kila Mtu Aonekane Uso

Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Moshi hujaa watu. Wachaga walioko Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi hurudi kwao Kilimanjaro kula sikukuu pamoja na wazee. Baada ya Misa na chakula, jamaa wote hukusanyika sebuleni, na mmoja wao hutoa simu akapiga picha. Siku ile kila mtu huisifu. Lakini yaja siku ambapo picha hiyo hutafutwa kwa haraka: Babu ameaga dunia, na sura yake yatakiwa iwekwe kando ya jeneza. Sisi makarani wa parokia tumeona mara nyingi jamaa wakifungua simu moja baada ya nyingine. Babu yumo katika picha za Noeli nyingi, lakini hana uso. Ana kivuli tu.

Kosa lenyewe ni jepesi kulieleza. Watu hupenda kusimama mbele ya dirisha ili pazia zuri lionekane. Kamera haijui lipi ni dirisha na yupi ni Babu. Hupima mwanga wote kwa pamoja. Ikiona weupe mwingi nyuma ya watu, hupunguza mwanga, na nyuso zote huingia gizani.

Basi, geuzeni mambo. Jamaa walitazame dirisha, na mpiga picha asimame ubavuni mwa dirisha, asije akauziba mwanga kwa mwili wake. Pazia zito livutwe kando. Lile jepesi jeupe libaki, kwa kuwa hulainisha mwanga. Kama mna dirisha la kaskazini, hilo ndilo bora. Mwezi wa Desemba jua hupita upande wa kusini katika Tanzania yote na Kenya yote, tangu kuchomoza hata kutua. Kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua mchana kutwa, nalo hutoa mwanga mtulivu. Pasipo dirisha kubwa, mlango ulio wazi wafaa.

Kisha zimeni taa. Taa ya darini huangaza vipaji vya nyuso na kuyaacha macho katika mashimo meusi. Tena rangi yake ya njano hugombana na mwanga wa mchana. Flashi ya simu nayo si msaada kwa kundi kubwa. Aliye umbali wa mita 2 hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye umbali wa mita 1. Ndiyo maana watoto wa mbele hutoka weupe kama unga, na wajomba wa nyuma hupotea. Ikiwa ni lazima kupiga usiku, chukueni taa ya mezani, muielekeze kwenye ukuta mweupe ulio ubavuni mwa watu, au kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa. Mwanga ukirudi kutoka ukutani huwa mpole.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba picha njema yataka vyombo vya gharama. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kufariki mwaka 2001, alipiga picha zake nyingi uani, kwa mwanga wa mchana, kitambaa kikiwa kimetundikwa nyuma ya wateja. Leo picha hizo huonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Sasa tuje kwenye kupanga watu. Wazee wakae kwanza, katikati, kwenye viti vigumu. Kochi humzamisha mtu hata magoti yakawa juu kuliko kifua. Watoto wakae mkekani mbele yao. Walio wakubwa wasimame nyuma, na warefu wawe upande ulio mbali na dirisha wasije wakawatia wenzao kivuli. Mstari usinyooke kama wa gwaride. Upinde kidogo kama mwezi mchanga, ncha zote mbili zikielekea mwangani. Kila mmoja ageuze bega kidogo, asogee karibu na mwenzake. Mwenye miwani ainamishe kidevu kidogo ili kioo kisimetemete. Mjane akipakata picha ya marehemu mumewe, fremu nayo iinamishwe mbele kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Simu ishikwe usawa wa kifua, si juu ya kichwa. Kabla ya kupiga, gusa kwenye kioo chake uso wa mtu, wala usiguse gauni jeupe la mtoto, ili kamera ipime mwanga kwa uso. Piga mara sita au saba, maana katika kundi kubwa hakosi mmoja aliyefumba macho.

Tena angalieni ni nani hayumo. Mara nyingi ni mama aliye jikoni, au msichana wa kazi aliyepewa simu apige. Hao nao wamekula sikukuu katika nyumba hiyo. Simu nyingi zina saa ya kuhesabu sekunde 3 au 10: itegemezeni juu ya kabati, na aliyekuwa akipiga aje aketi.

Mwisho, picha isafishwe mjini, itoke kwenye karatasi. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa na vyote vilivyomo. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli majina ya wote, mahali na mwaka, kisha nakala moja apewe Bibi kabla hamjapanda basi la kurudi. Wajukuu watakaozaliwa baadaye wataisoma, wamjue kila mtu kwa jina na kwa uso.